Somo la Misitu: Kijana Apate Kiti Kabla Mpango Mpya Haujaandikwa

Mpango unaoongoza utunzaji wa Msitu wa Arabuko-Sokoke uliandikwa kwa muda wa miaka 25, kuanzia 2002 hadi 2027. Mtoto aliyezaliwa Dida, Jilore au Gede katika mwaka ule wa kwanza hakuulizwa neno, na haikuwa kosa la mtu: alikuwa bado ananyonya. Mpango unapofika ukingoni, mtoto yule ana miaka 25. Ana kitambulisho, ana simu, pengine ana mtoto wake mwenyewe. Pengine ana msumeno pia. Somo hili linamhusu yeye na wazazi wake, na pia wazee walioketi katika vikao vya zamani ambao leo wanalalamika kwamba vijana hawaujali msitu.

Tuseme mapema kile tunachotaka kifahamike. Siku ya kupanda miti, hata iwe na fulana mpya na picha nyingi, haimfanyi kijana kuwa mtunzaji wa msitu. Kinachomfanya ni riziki ambayo itakufa siku msitu utakapokufa, pamoja na sauti katika kikao kinachoamua juu ya msitu huo. Akipata riziki bila sauti, siku moja ataamuliwa na wengine. Akipata sauti bila riziki, atahudhuria mikutano miwili, na wa tatu hatamwona mtu.

Msitu tulio nao

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndio msitu mkubwa zaidi uliobaki miongoni mwa misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo zamani ilikuwa imeenea sana na leo imebaki vipandevipande. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wake mwaka 1932, ukawekwa katika gazeti rasmi mwaka 1943. Wengi wetu tunaupita kwa matatu kati ya Kilifi na Malindi na kuuona kama ukuta mmoja wa kijani. Si ukuta mmoja. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko wa miti mingi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna mirihi, yenye nafasi na mwanga chini yake. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna vichaka vilivyofungana ambamo mtu akitoka njiani hatua ishirini anaweza kupotea.

Katika vichaka hivyo vya udongo mwekundu ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege asiyezidi urefu wa kiganja na vidole vyake. Msituni humo pia yumo sengi mwenye sehemu ya nyuma ya rangi ya dhahabu, na yumo mnana wa Clarke, ndege mweusi na manjano ambaye hapatikani popote duniani nje ya Kilifi. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua mnana huyu anataga wapi. Viota vyake vilipatikana mwaka 2013 huko Dakatcha, katika dimbwi la msimu lenye majani marefu. Kwa hiyo ndege huyu anahitaji Arabuko-Sokoke na pia Dakatcha, mahali ambapo makaa yanachomwa kwa wingi kwenye ardhi ambayo kwa sehemu kubwa haina uzio wala askari wa misitu.

Tusijifanye kwamba kila jirani wa msitu aliupenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi walipoulizwa, wengi walitaka ukatwe ili wapate mashamba. Walikuwa na sababu. Ndovu walikuwa wakishuka kwenye mahindi, nyani wakimaliza mihogo, na kijana aliyeoa hakuwa na pa kujenga. Msitu ulikuwa mali ya serikali, hasara ikawa ya mwanakijiji. Mtu wa namna hiyo huwezi kumhubiria habari za bundi.

Kazi ya vipepeo, na kwa nini inafaa kuisoma

Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulianzishwa Gede, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Biashara yenyewe ni hii: huko Ulaya na Marekani kuna majumba ya vioo yanayopashwa joto, ambamo watu hulipa kiingilio ili wawaone vipepeo wa nchi za joto wakiruka. Kipepeo mkubwa haishi sana, wengi ni wiki chache tu, kwa hiyo majumba hayo yanahitaji wapya kila mara. Hawawezi kusafirishwa wakiwa wazima wenye mabawa. Husafirishwa wakiwa pupa, yaani kile kifuko kigumu ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo.

Mfugaji hunasa vipepeo majike wachache kwa wavu, kando ya msitu au ndani yake kwa ruhusa. Huwaweka katika kibanda cha wavu pamoja na mmea ambao aina hiyo hutagia. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kila aina ina mmea wake. Yule ambaye viwavi wake hula majani ya mchungwa na mlimau hatakubali mmea mwingine kwa sababu tu uko karibu na nyumba yako. Mayai yakishaanguliwa, viwavi hulishwa majani mabichi kila siku, na hula kuliko unavyodhani. Hulindwa kwa wavu dhidi ya nyigu, buibui na sisimizi. Baada ya wiki chache huwa pupa, na kuanzia hapo ni mbio. Pupa ana siku chache tu kabla ya kupasuka. Lazima afike Gede, akaguliwe, afungwe vizuri, apande ndege, afike upande wa pili akiwa bado amelala. Akipasukia njiani ni hasara.

Tumeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu ina mambo matatu ya kujifunza hata kwa yule ambaye hatafuga kipepeo maishani mwake.

La kwanza ni kwamba mfugaji anauhitaji msitu uwepo, lakini hauhitaji aukate. Mimea ya kulisha viwavi anaipanda shambani kwake. Kinachotoka msituni ni mbegu tu, yaani majike wapya wa mara kwa mara, maana ukizalisha ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi, wanadhoofika. Msitu ukiisha, mbegu imeisha. Mtu huyu akiona mtu na msumeno, haitaji kuambiwa na askari kwamba hilo linamhusu.

La pili ni soko. Wanunuzi huagiza aina fulani kwa idadi fulani. Kijiji kizima kikileta aina moja, iliyo rahisi kufuga, ziada haina mnunuzi. Na soko likiwa mbali, hutingishwa na mambo ya mbali: mwaka 2020, korona ilipofunga majumba ya maonyesho na kusimamisha safari za ndege, pupa hawakuwa na pa kwenda. Asiweke mtu chakula chote cha nyumba katika kifuko cha kipepeo.

La tatu linawahusu vijana moja kwa moja. Watu walioanza kazi hii mwaka 1993 wakiwa vijana, leo wana wajukuu. Ujuzi wa kutambua jike, wa kujua jani lililokomaa kupita kiasi, wa kuona ugonjwa kwa kiwavi kabla haujaenea, hauko katika kitabu chochote unachoweza kununua Malindi. Uko machoni na mikononi mwa watu hao. Mafunzo ya siku mbili yenye chai na shajara hayatoshi. Kijana anayetaka kazi hii akae kwa mfugaji mzoefu msimu mzima, akate majani, afagie vibanda, aulize. Na mfugaji asione kwamba analea mshindani. Aina ni nyingi, wagawane.

Nyuki, njia za ndege, na basari

Mizinga ya nyuki inafuata kanuni ileile. Msitu wenye maua miezi mingi ni malisho ya bure. Lakini tofautisha mfuga nyuki na mrina asali wa mwenge. Huyu wa pili huutafuta mzinga wa asili kwenye shimo la mti, huwasha moto ili nyuki watoke, pengine huuangusha mti wenyewe, akaondoka na ndoo moja huku nyuma cheche zikibaki kwenye majani makavu. Moto mwingi wa msituni wakati wa kiangazi huanza kwa namna hii, bila nia mbaya. Kijana anayejua kurina tayari anajua nyuki. Anachokosa ni mzinga, vazi la kujikinga na kitoa moshi. Kikundi cha vijana kumi kinaweza kuanza na seti moja ya vifaa wakipokezana, bora mizinga yote isiwekwe mahali pamoja na isiwe karibu na njia ya watoto wa shule.

Kuna kazi ya kuongoza wageni. Mtazamaji wa ndege anayetoka nchi za mbali kwa ajili ya bundi wa Sokoke hataki hotuba. Anataka mtu anayejua ni kichaka gani bundi amelala mchana huu. Ujuzi huo hupatikana kwa kutembea msituni alfajiri baada ya alfajiri, kwa masikio zaidi ya macho, na kijana wa kijiji cha karibu anaanza mbele ya yeyote aliyesomea utalii mjini. Akiongeza majina ya ndege na lugha moja ya kigeni, ana kazi ambayo haimtaki ahame.

Pia kuna njia ambayo msitu hulipa karo. Tangu 2001 shirika la A Rocha Kenya limekuwa likitoa basari kwa wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kando ya Arabuko-Sokoke na Mida, na sehemu ya fedha hizo hutokana na wageni wanaolipa kutembea juu ya daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko ya Mida. Familia nayo hutarajiwa kuuheshimu msitu na kupanda miti yake yenyewe. Mzazi anaposikia kwamba karo ya mwanawe imetoka kwenye mkoko, neno "uhifadhi" huacha kuwa la wageni.

Sheria inampa nini

Wengi wanaijua sheria ya misitu kwa upande wa adhabu tu, basi tuanze huko tumalize. Anayekata mti, kuchoma makaa au kuwasha moto katika msitu wa umma bila kibali anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiopungua miezi sita, au yote mawili. Kijana apige hesabu mwenyewe ni magunia mangapi ya makaa yanayolipa shilingi laki moja, na aliyemtuma na lori ni nani. Kwa kawaida mwenye lori hayupo siku ya kukamatwa.

Upande usiojulikana ni huu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inawaruhusu wakazi wa karibu na msitu kuunda chama cha jamii cha misitu, kukisajili, na kuomba kushiriki katika usimamizi wa msitu wa umma. Ombi likikubaliwa, chama hutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Mkataba unaweza kuwapa wanachama haki za matumizi: kuvuna asali, kuokota kuni, kukata nyasi na kulisha mifugo mahali palipokubaliwa, kuchukua dawa za mitishamba, kuendesha utalii, kufanya utafiti na elimu. Kwa malipo yake chama kinabeba wajibu: kusaidia kulinda msitu, kutoa taarifa za uharibifu, kusaidia kuzima moto, kuweka kumbukumbu. Haki hizo hazimruhusu mtu kufanya atakavyo, na zinaweza kuondolewa chama kikizivunja. Lakini ni haki zilizoandikwa. Jilore na Dida zilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo watu wake walizoea vikao vya namna hii mapema, kwani majaribio ya kuwashirikisha wakazi yalianza Dida mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla nchi haijawa na sheria yenyewe.

Kwa mujibu wa Katiba, kifungu cha 260, kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo, nafasi ya kujumuika, na uwakilishi katika mambo ya jamii, siasa na uchumi. Hili si ombi la kijana kwa wazee. Hata hivyo, katika vyama vingi hali ni kwamba viongozi wamekaa muda mrefu, ada ya uanachama hulipwa kwa mkupuo, mkutano hufanyika asubuhi ya siku ya kazi, na kumbukumbu za mkutano uliopita ziko katika daftari nyumbani kwa katibu. Hakuna aliyemkataza kijana kuingia, ila hakuna aliyemfungulia. Chama kinachotaka vijana kianze na mambo madogo kama haya: ada ilipwe kidogokidogo, mkutano uwe Jumamosi alasiri, taarifa isambazwe kwa simu siku saba kabla, na nafasi moja ya kamati, tena yenye kazi ya kweli kama ya mweka hazina msaidizi, ijazwe na mtu aliye chini ya miaka 35. Kumpa kijana nafasi ya "mwakilishi wa vijana" isiyo na kura ni kumweka uani.

Bustani ya miche: kosa la idadi

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili watu wapande miti. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032, na watu wengi walijitokeza kwa moyo. Tatizo letu Kilifi huja Januari. Mche uliopandwa mwishoni mwa vuli bila mwangalizi hukutana na jua la kaskazi ukiwa na mizizi mifupi, na mbuzi wa jirani hana habari na lengo la taifa. Swali la kumuuliza mpandaji ni miche mingapi bado hai baada ya kiangazi cha pili, si mingapi aliyopanda.

Kikundi cha vijana chenye bustani ya miche kinaweza kubadili hali hiyo, kikiuza miche pamoja na utunzaji. Yaani mnunuzi, awe shule au kanisa au mwenye shamba, alipe sehemu wakati wa kupanda na sehemu nyingine baada ya mwaka kwa kila mche ulio hai. Hapo kijana ana sababu ya kurudi na ndoo ya maji.

Kwa mashamba yetu ya pwani, mvinje ndio unaolipa haraka. Huwa boriti kwa miaka michache, na kila boriti ya shambani ni boriti isiyotoka msituni. Anayeanza azingatie mambo mawili. Mbegu za mvinje ni ndogo na nyepesi na sisimizi huzibeba usiku kucha, kwa hiyo kitalu kiinuliwe na miguu yake izuiwe kwa maji au majivu. La pili, changanya kwenye udongo wa kitalu kiasi kidogo cha udongo uliotolewa chini ya mvinje mkubwa. Udongo huo una viumbe vidogo mno wanaoishi kwenye mizizi ya mvinje na kuusaidia kupata naitrojeni kutoka hewani. Mche uliokosa viumbe hao huwa wa manjano na husimama pale pale, na mwenye kitalu akadhani ni maji.

Lakini mvinje si msitu. Usiipande ndani ya msitu wa asili ukadhani umesaidia. Pale ambapo muhuhu na mbambakofi vilikatwa kwa ajili ya vinyago na mbao, kazi ya kurudisha ni ya polepole na mara nyingi bora kuliko kupanda ni kuacha: zuia moto, zuia mifugo, na machipukizi yenyewe yatainuka.

Kwa mikoko, kosa ni jingine. Watu hupanda pale ambapo ni rahisi kufika, yaani kwenye tope tupu la mbele, wakati sehemu hiyo haikuwahi kuwa na mikoko na mawimbi huing'oa ndani ya mwezi. Kila aina ina mahali pake kulingana na maji yanavyojaa na kupwa. Mlilana husimama mbele baharini, mkoko wenyewe hufuata, mkandaa na mchu hupatikana zaidi kuelekea nchi kavu. Mvuvi mzee wa Mida atakuonyesha mpangilio huo kwa kidole bila kusoma popote. Muulize kabla hujachimba.

Jirani zetu wa Kwale wametangulia katika jambo hili. Huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa nayo, tani 3,000 hivi kwa mwaka. Fedha zimetumika kwa maji na shule, na matumizi huamuliwa na wakazi mkutanoni. Vijana wa kwetu wanaosikia habari za kaboni kutoka kwa madalali waende Gazi waulize mambo mawili: mkataba ni wa miaka mingapi, na nani anashika hesabu. Atakayekuja kijijini na karatasi za kutia saini bila kuweza kujibu hayo, asiwekewe sahihi.

Kaya, na wazee wetu

Kabla ya sheria zote hizo, misitu ya kaya ilikuwa ikitunzwa kwa miiko. Njia ni moja, mti haukatwi, hata ukuni mkavu hautoki. Ndiyo maana Kaya Kauma, Kaya Jibana, Kaya Kambe, Kaya Ribe, kaya za Rabai na Kaya Fungo bado zina miti mikubwa huku vilima vinavyozizunguka vikiwa vitupu. Mwaka 2008 misitu hii, iliyotapakaa kwa kilomita 200 hivi za pwani, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, mila zenyewe ziliwekwa katika orodha nyingine: ile ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka. Tafakari tofauti ya orodha hizo mbili. Msitu ulihesabiwa kuwa hazina, na ujuzi wa kuutunza ukahesabiwa kuwa mgonjwa.

Ni mgonjwa kwa sababu haurithiwi. Kijana anamjua Mekatilili wa Menza kwa sanamu na kwa mtihani wa shule, lakini hajui kwamba kiapo cha mwaka 1913 kilifungwa Kaya Fungo, wala kwamba Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti mwaka uliofuata kwa sababu waliiogopa.

Na kuna jambo ambalo ni aibu kulipita kimya. Katika kaunti hii wazee wamekuwa wakishambuliwa, wakifukuzwa makwao na hata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna kiu ya ardhi. Wanaotumwa kufanya kitendo hicho ni vijana. Mzee anayeogopa kuvaa kitambaa chake cheusi na kutembea kijijini kwake hatamfundisha mtu jina la mti. Huwezi kuzungumzia vijana na misitu Kilifi ukaacha hilo nje. Mwenye habari za njama ya namna hiyo aende kwa chifu au polisi siku hiyo hiyo.

Upande wa pili, wazee nao walegeze. Kuna siri za kaya ambazo si za kila mtu, na zibaki hivyo. Lakini majina ya miti, mipaka, njia, sababu ya kila mwiko na historia ya kila kaya si siri. Kijana mwenye simu anaweza kurekodi mazungumzo kwa ruhusa, kwa Kigiryama, Kichonyi, Kirabai au lugha yoyote ya nyumbani, na nakala ibaki kwa wazee wenyewe.

Walio chini ya miaka 18

Kwa watoto tuseme machache. Vilabu vya 4-K vimefufuliwa shuleni, na vilabu vya wanyamapori vipo tangu 1968, vikiwa vimeanzishwa na wanafunzi wenyewe. Mwalimu mlezi asiwageuze kuwa kikosi cha kumwagilia maua ya mbele ya ofisi. Mpe kila mtoto mti mmoja na daftari moja, apime urefu kila mwezi, aandike. Daftari likifika darasa la mwisho lina habari ambazo hata afisa wa misitu angependa kuziona.

Kabla ya kikao

Turudi kwa yule kijana wa miaka 25. Afanye nini mwezi huu? Aende kituo cha misitu kilicho karibu naye, Gede au Jilore kwa walio upande huo, aulize chama cha jamii cha misitu cha eneo lake ni kipi, mwenyekiti ni nani, mkutano ujao ni lini. Aombe kuona mkataba wa chama na mpango wa msitu. Akiambiwa hauonekani, aandike barua fupi ya kuomba nakala. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa haki hiyo, na ofisi ya umma inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Barua iwe na tarehe, abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Asiende peke yake. Barua yenye majina kumi na tano husomwa haraka kuliko yenye jina moja. Msimamizi wa wadi anaweza kumwelekeza, na maoni ya kikundi yanaweza kuandikwa kama waraka na kuwasilishwa wakati wa vikao vya umma, hata kwa yule asiyependa kusimama kuzungumza mbele ya watu.

Vikundi vinavyotumia somo hili vinaweza kuanza na maswali haya, na majibu yaandikwe, yatakuwa nusu ya waraka wenu. Katika kijiji chenu, nani anapata riziki yake msituni leo, halali na haramu, na ni wangapi kati yao wako chini ya miaka 35? Ndovu akivunja shamba, habari inafikishwa kwa nani na inachukua muda gani? Miti iliyopandwa hapa miaka miwili iliyopita, mingapi iko hai? Nendeni mkahesabu, msikisie. Ni kazi gani moja mngetaka mpango ujao uiruhusu ambayo wa sasa hauiruhusu, na mko tayari kuilinda vipi? Na mzee gani wa kwenu anajua mambo ya msitu ambayo hakuna mwingine anayeyajua, na nani atakwenda kuketi naye Jumamosi hii?